Puto Huzuia Mpira wa Mkojo Usitoke, Haliuzuii Usivutwe

Mzee akiruhusiwa kutoka hospitali na mpira wa mkojo, familia hupewa maelezo ya harakaharaka: mfuko usiinuliwe juu ya kiuno, anywe maji ya kutosha, tarehe ya kurudi ni hii. Mara nyingi huongezwa kwamba mpira hautachomoka, kwa sababu ndani una puto. Mkanganyiko huanzia hapo. Plasta ya pajani ikibanduka siku ya pili, hakuna anayehangaika kuirudisha, maana puto si lipo? Mpira ukivutika mgonjwa anapogeuzwa kitandani, husemwa "huo hautoki". Wapo pia wanaoamini kinyume chake kabisa, kwamba plasta ndiyo inayoshikilia kila kitu, basi huifunga kwa nguvu mpaka mkojo unashindwa kupita.

Kazi ni mbili na kila moja ina kifaa chake. Puto huzuia mpira usiteleze nje ya kibofu. Plasta, mkanda au kibanio cha pajani huzuia mpira usivutwe. Fikiria fundo la mwisho wa uzi unaposhona nguo. Fundo huzuia uzi usipite kwenye kitambaa, lakini ukiuvuta uzi kwa nguvu, kinachochanika ni kitambaa. Katika mwili wa mgonjwa, kitambaa hicho ni shingo ya kibofu na njia ya mkojo.

Mpira wenyewe ulivyo

Mpira wa mkojo, au katheta, ni mrija laini unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Ule wa kukaa ndani kwa siku au wiki huitwa katheta ya Foley, kwa jina la daktari Frederic Foley wa Marekani. Ukiukata kwa upana utaona matundu mawili ndani yake. Tundu kubwa hupitisha mkojo. Tundu dogo, jembamba sana, hupitisha maji ya kujazia puto. Ndiyo maana mwisho wa nje umegawanyika kama njia panda: tawi moja huungwa na mfuko, na jingine lina vali ndogo yenye rangi ambayo bomba la sindano huchomekwa. Ipo pia ya matundu matatu, hutumika baada ya upasuaji wa tezi dume kusafisha kibofu kwa maji yanayoingia na kutoka mfululizo.

Kwenye ile vali, au karibu nayo, kumeandikwa namba mbili ambazo anayemuuguza mgonjwa anapaswa kuzinakili kwenye daftari siku ileile. Ya kwanza ni unene, huandikwa Fr au Ch. Namba 3 ni sawa na milimita 1, kwa hiyo mpira wa 16 una unene wa milimita 5 na kidogo. Rangi ya vali husema jambo hilohilo: 14 ni kijani, 16 ni rangi ya machungwa, 18 ni nyekundu. Namba ya pili ni ujazo wa puto, kwa mililita. Kwa mtu mzima huwa 10 kwa kawaida. Kwa mtoto 3 hadi 5. Na 30 ni kwa kazi maalumu, hasa kubana damu baada ya upasuaji wa tezi dume.

Mililita 10 ni vijiko viwili vya chai tu. Lakini zikiwa ndani ya puto hufanya tufe lenye upana wa karibu sentimita 3. Sasa linganisha na mrija wenyewe ambao ni nusu sentimita. Tufe hilo likivutwa kupita kwenye njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamume ina urefu wa sentimita 18 hadi 20 na imezungukwa na tezi dume pale mwanzoni, uharibifu hauhitaji kuelezwa sana.

Jambo moja la kihistoria linasaidia kuelewa mkanganyiko huu. Foley alipokuwa akitengeneza mpira wake, katika miaka ya 1920 na 1930, hakuwa anatafuta tu namna ya kuuzuia usichomoke. Alikuwa anatafuta namna ya kuzuia damu baada ya upasuaji wa tezi dume. Puto lilijazwa, mpira ukavutwa kwa makusudi, puto likakandamiza sehemu inayotoka damu. Makala yake ya mwaka 1937 inaueleza mpira huo kama kifaa cha kubana damu na kutoa mkojo kwa wakati mmoja. (Hataza ya ubunifu huo, baada ya mvutano wa kisheria, ilikwenda kwa mtu mwingine, Paul Raiche wa kampuni ya Davol. Jina likabaki la Foley.) Yaani mvuto wa puto kwenye shingo ya kibofu ni nguvu halisi, kiasi kwamba madaktari huitumia kama dawa. Hadi leo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume anaweza kukutwa mpira wake umebandikwa pajani ukiwa umekazwa. Hilo hufanywa kwa agizo la daktari, kwa saa chache, kisha hulegezwa. Ukiendelea kuvutwa siku nzima, sehemu iliyokandamizwa hukosa damu na kuanza kuoza.

Kwa hiyo ukimwona mgonjwa wa wodi ya upasuaji amekazwa mpira, usiige nyumbani.

Kinachouvuta ni nini hasa

Watu hufikiria mvuto wa ghafla: mgonjwa mwenye kuchanganyikiwa anaamka usiku na kuung'oa. Hutokea, na ni hatari. Lakini uharibifu mwingi ni wa polepole. Mfuko wa usiku hubeba lita 2. Lita 2 za mkojo ni kilo 2. Ukiwa umening'inia bila mpira kushikiliwa popote njiani, kilo hizo mbili zinaning'inia kwenye puto, na puto linakandamiza shingo ya kibofu usiku kucha.

Kisha kuna kuhamishwa. Mgonjwa anatolewa kitandani kwenda kwenye kiti, watu wawili wamemshika mabega na miguu, na mfuko bado umetundikwa kwenye fremu ya kitanda upande wa pili. Anapandishwa kwenye bajaji kwenda kliniki, mfuko umebaki chini ya kiti cha mtu mwingine. Anachuchumaa kwenye choo cha shimo, mrija unakanyagwa na kisigino chake mwenyewe. Anarukuu na kusujudu akiwa na mfuko mrefu wa kitandani badala ya ule mdogo wa kufunga mguuni. Katika kila tukio la aina hii, kama mpira umeshikizwa vizuri pajani, nguvu inaishia kwenye ngozi ya paja. Ngozi itauma kidogo, plasta itabanduka, basi. Kama haukushikizwa, nguvu inafika kwenye puto.

Matokeo huanza na damu kidogo kwenye mrija na maumivu ya kubana chini ya kitovu. Kibofu kilichokereketwa hujikunja kwa nguvu, na mkojo hupita pembeni ya mpira na kulowesha nguo. Mpira unaoingia na kutoka kidogokidogo kila mgonjwa anapojigeuza huburuta vijidudu vya nje kuvipeleka ndani. Kwa wanaume waliokaa na mpira miezi mingi, tundu la mbele la uume huanza kuchanika upande wa chini, taratibu kama kitambaa kinachokatwa na uzi, hadi mpasuko unafika nusu ya uume. Kwa wanawake njia hupanuka mpaka puto zima linatoka bila kupasuka. Madhara haya hayarudi yenyewe. Huhitaji upasuaji, na si rahisi.

Mwongozo wa kuzuia maambukizi ya mpira wa mkojo uliotolewa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2009 unaagiza wazi kwamba mpira ushikizwe ipasavyo baada ya kuwekwa, ili usicheze wala kuvuta njia ya mkojo. Agizo hilo ni rahisi, na halihitaji mashine yoyote. Ajabu ni jinsi linavyorukwa, hata hospitalini.

Vifaa vya kushikizia

Viko vya aina tatu. Bora zaidi ni kibanio cha kunata: pedi laini inayobandikwa kwenye ngozi, juu yake kuna kibanio cha plastiki kinachofunguka na kufunga kama mlango mdogo. Mpira hulazwa ndani pale unapogawanyika, kwa sababu hapo ni pagumu na hapateleziki. Huzunguka kidogo mgonjwa anapotembea, hivyo mrija haupindi. Hubadilishwa mara moja kwa wiki, au mapema ukianza kubanduka. Ubaya wake ni bei na upatikanaji. Nje ya hospitali kubwa na maduka ya vifaa tiba ya mijini, ni vigumu kuupata.

Cha pili ni mkanda wa paja wenye kufunga kwa kunata, kama ule wa viatu vya watoto, ukiwa na kijikanda kidogo cha kuzungushia mpira. Huoshwa na kutumiwa tena, kwa hiyo kwa mgonjwa wa muda mrefu ni nafuu. Hatari yake ni kukazwa. Mkanda unaoacha alama nyekundu isiyoondoka, au paja linalovimba chini yake, umekazwa kupita kiasi. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Mgonjwa mwenye miguu iliyovimba, mwenye kisukari kilichoharibu mishipa ya miguu, au aliyewahi kuganda damu mguuni, asivalishwe mkanda wa kuzunguka paja bila kumuuliza daktari.

Cha tatu, ambacho ndicho kinachopatikana kila mahali, ni plasta ya kawaida. Inafanya kazi nzuri kabisa ikibandikwa kwa ufundi, na ufundi wenyewe ni huu. Osha ngozi ya paja kwa maji na sabuni, kausha kabisa, usipake mafuta. Nywele zikiwa nyingi zikatwe kwa mkasi. Wembe huacha michubuko. Bandika kipande cha kwanza cha plasta pana, urefu wa sentimita 8 hadi 10, moja kwa moja kwenye ngozi. Hicho ni msingi, na kazi yake ni kulinda ngozi. Chukua kipande cha pili, kizungushe mpira mzima mpaka pande mbili za gundi zikutane chini yake na kufanya kijiukuta kifupi, kisha tandaza ncha zake mbili juu ya msingi. Mpira sasa umekumbatiwa pande zote, umeinuka kidogo juu ya ngozi, hauteleziki na haubonyezi paja. Kosa linaloonekana sana ni kulaza mpira kwenye ngozi na kupitisha plasta moja juu yake. Ile hushika upande mmoja tu wa mpira. Baada ya jasho la saa chache mpira unateleza chini yake kana kwamba haipo.

Kwa vyovyote utakavyoshikiza, usibane lile tawi lenye vali. Tundu lake ni jembamba mno, na likibanwa kwa muda mrefu puto linaweza kugoma kupungua siku ya kutolewa. Wala usifunge uzi au utepe wa kanga kuzunguka mrija wenyewe. Mkojo utakwama, kibofu kitajaa, na mgonjwa asiye na hisia za chini hatakuambia.

Wapi, na kwa ulegevu gani

Kwa mwanamke, sehemu ya juu ya paja, mbele au upande wa ndani kidogo. Kwa mwanamume anayetembea, juu ya paja pia, mbele. Kwa mwanamume aliyelala kitandani muda wote, wauguzi wengi hupendelea sehemu ya chini ya tumbo, uume ukielekezwa juu, kwa sababu hivyo ile kona iliyopo pale uume unapokutana na korodani hunyooka na mpira hauigandamizi mahali pamoja.

Kabla ya kubandika, mnyooshe mgonjwa mguu, kisha mkunje goti, kisha mfungue miguu. Mpira uwe bado umelegea katika hali zote tatu. Nafasi ya sentimita 2 au 3 ya ziada kati ya tundu la mkojo na plasta hutosha kwa wengi. Ukiacha nyingi sana mpira utaunda kitanzi, na kitanzi kinachoning'inia hukusanya mkojo usioteremka. Kila siku, wakati wa kuoga, hamisha mahali pa kubandika plasta kwa sentimita chache, na kila wiki badilisha paja.

Njia moja rahisi ya kujua kama mpira unasogea: weka alama ya kalamu kwenye mpira, pale unapotokea mwilini, siku ya kwanza. Ukiona alama imesogea nje sentimita kadhaa, usiusukume ndani. Piga simu au nenda kituo cha afya.

Mfuko nao una utaratibu wake. Ukae chini ya kibofu muda wote, usiguse sakafu, na umwagwe unapofika theluthi mbili, usisubiri ujae. Kabla ya kumhamisha mgonjwa, umwage kwanza, kisha mtu mmoja apewe kazi moja tu, ya kushika mfuko. Hata kama ni mtoto wa darasa la sita, mradi anajua kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Na wanaume wasiotahiriwa: baada ya kuosha, govi lirudishwe mbele kila mara. Likiachwa nyuma huvimba, hubana kichwa cha uume, na ndani ya saa chache huwa dharura.

Mambo yanayosemwa ambayo si kweli

"Mkojo unavuja pembeni, basi waweke mpira mnene zaidi." Huu ndio uzushi mkubwa kuliko wote. Mara nyingi mkojo hupita pembeni kwa sababu kibofu kinajikunja, au mrija umeziba au kupinda, au mgonjwa hajapata choo kubwa siku nyingi na kinyesi kinabonyeza. Mpira mnene hukereketa zaidi, na uvujaji huongezeka. Angalia kwanza kama mrija umepinda, kama mfuko uko juu, kama choo kimekwama.

"Waongeze maji kwenye puto lishike vizuri." Puto kubwa haliongezi ushikaji wa maana, linaongeza uzito juu ya sehemu ya kibofu yenye hisia kali kuliko zote. Tena matundu ya kupitishia mkojo yapo juu ya puto, kwa hiyo kadiri puto linavyokuwa kubwa ndivyo mkojo mwingi unavyobaki chini yake bila kutoka, na mkojo uliotuama ni chakula cha vijidudu. Kulijaza pungufu nako ni kosa, kwani huvimba upande mmoja na ncha ya mpira ikaegemea ukuta wa kibofu. Kiasi sahihi ni kilichoandikwa kwenye vali.

"Hewa inatosha, maji ya nini." Puto la hewa huelea juu ya mkojo na matundu yakabaki juu ya usawa wake. Maji ya drip ya chumvi nayo hayafai sana, kwa sababu chumvi inaweza kuganda ndani ya lile tundu jembamba na puto likakataa kupungua. Hutumika maji yaliyotakaswa, yale ya kuchanganyia dawa za sindano.

"Vaseline inalainisha, inazuia kukwaruza." Mipira mingi ya bei nafuu ni ya lateksi, na mafuta ya petroli huila lateksi mpaka puto likapasuka lenyewe. Sabuni na maji vinatosha kwa usafi. Poda pia iachwe.

"Mkojo umekuwa na ukungu, ana UTI, apewe dawa." Mpira ukikaa wiki kadhaa, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kwenye mkojo. Hiyo peke yake haihitaji dawa. Homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au kuchanganyikiwa ghafla ndivyo vinavyohitaji kutibiwa, na mpira wenyewe hubadilishwa wakati huo. Kumeza antibayotiki kila ukungu unapoonekana kunafuga vijidudu visivyosikia dawa.

"Ukishawekwa unakaa mpaka uharibike." Lateksi iliyopakwa silikoni hukaa wiki 4 hivi, silikoni tupu hufika wiki 12. Kuna wagonjwa ambao mipira yao huziba mapema kuliko hapo. Bakteria mmoja, Proteus, hugeuza mkojo kuwa na magadi, madini yakaganda kwenye ncha ya mpira na juu ya puto kama chokaa ya birika. Mpira ulioganda hivyo ukivutwa hukwaruza njia nzima.

Wanawake waliofanyiwa upasuaji wa fistula

Hawa wanastahili aya zao, maana kwao kushikiza mpira si suala la starehe. Fistula ya uzazi ni tundu kati ya kibofu na uke linalosababishwa na uchungu uliokwama muda mrefu. Huzibwa kwa upasuaji, katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam au Panzi ya Bukavu, na baada yake kibofu huachwa kitupu kwa mpira ili mshono upone bila kujaa maji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kwa fistula isiyo na utata mpira ukae siku 7 hadi 10. Fistula ngumu huchukua zaidi.

Ndani ya siku hizo, mshono unaweza kuwa sentimita chache tu kutoka pale puto lilipokaa, pengine chini yake kabisa. Mvuto mmoja wa mfuko uliojaa unaweza kufungua kazi ya saa mbili za daktari. Mpira ukiziba, kibofu kikajaa, matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa fistula, anayemhudumia anaangalia mambo mawili kila saa: mkojo unateremka, na mpira umelegea pajani. Ikipita saa nzima mfuko haujaongezeka, mwite nesi hata kama ni saa nane usiku.

Kanuni hii ya puto ndani na kizuizi nje inaonekana pia kwa mgonjwa anayelishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Pale nje kuna kisahani cha plastiki kinachokaa karibu na ngozi. Kikiwa kimelegea mno, puto husafiri na chakula mpaka kwenye mlango wa utumbo na kuuziba. Mgonjwa anatapika kila akilishwa. Kikikazwa mno, ngozi na ukuta wa tumbo huminywa kati ya puto na kisahani. Ndiyo maana mpira wa mkojo ukitumiwa kwa dharura badala ya ule wa chakula, kama inavyofanyika mara nyingine, lazima ubuniwe kizuizi cha nje, kwa sababu wenyewe hauna.

Ukitoka wenyewe, na unavyotolewa

Mpira uking'olewa puto likiwa limejaa, usirudishe hata kama unaonekana safi. Bonyeza kwa kitambaa safi kama kuna damu, uhifadhi mpira uliotoka kwenye mfuko wa plastiki, uende nao hospitali. Huko wataangalia kama puto liko zima. Kipande kikibaki kwenye kibofu hugeuka kuwa jiwe. Waambie pia kama mgonjwa anaweza kukojoa au la. Mwenye tezi dume kubwa huenda akaziba ndani ya saa chache, na kuweka mpira mpya kwenye njia iliyochubuka ni kazi ya mtu mzoefu.

Ukitolewa kwa utaratibu, plasta hufunguliwa kwanza. Bomba la sindano huchomekwa kwenye vali na maji huachwa yarudi yenyewe, bila kuvuta kwa nguvu, hasa kwa puto la silikoni, ambalo likinyonywa haraka hujikunja na kuacha ukingo unaokwaruza wakati wa kutoka. Maji yaliyorudi hupimwa: yakiwa 10 yaliingia na 9 au 10 zimetoka, sawa. Silikoni hupoteza maji kidogo kadiri wiki zinavyopita. Puto likigoma, hubadilishwa bomba la sindano, hukaguliwa kama tawi limebanwa mahali, na husubiriwa. Kukata mpira kwa mkasi ili maji yatoke ni desturi mbaya; sehemu iliyobaki inaweza kurudi ndani huku puto bado limejaa. Kulijaza zaidi mpaka lipasuke huacha vipande.

Wapo wanaobana na kuachia mpira kwa siku mbili kabla ya kuutoa, "ili kibofu kijifunze". Mwongozo ule wa CDC unasema hakuna haja. Kinachohitajika ni kuangalia baada ya kutoka: mgonjwa anywe maji kama kawaida, na akojoe ndani ya saa 6 hivi. Matone ya mwanzo yatawasha, na mkojo unaweza kuwa na wekundu hafifu kwa siku moja. Asipokojoa kabisa, au tumbo la chini likianza kujaa na kuuma kabla ya saa hizo kwisha, arudi siku hiyohiyo, na lile daftari lenye namba za mpira waende nalo.